Mji Uliochorwa kwenye Unga

Binti yangu Anaeli,

Nakuandikia ukiwa umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na jua bado liko juu ya migomba. Nimekaa jikoni, karatasi nimeiweka juu ya kinu nilichokipindua, maana meza imejaa vitu vyako. Ninyi mliosoma mnaanza barua kwa salamu ndefu. Zangu unazo tangu tumboni, kwa hiyo naziruka. Mwandiko wangu unaujua, unatembea kama kuku aliyenyeshewa. Mwalimu wa dini alitufundisha kusoma kwanza, kuandika baadaye, na kabla hatujafika mbali kwenye kuandika mama yangu akanitoa nikachume kahawa. Univumilie.

Utauliza kwa nini nakuandikia na tunalala chumba kimoja. Ni kwa sababu nikisema husikii. Juzi nilipoanza tu ulinikatiza, ukasema, "Mama, hata Musa hakuwaeleza Waisraeli habari za Kanaani kwa urefu huu." Shangazi yako alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikacheka pamoja nanyi. Lakini Musa hakuikanda Kanaani kwa mikono yake kila Jumamosi. Mimi huo mji unaokwenda nimeukanda.

Habari za sweta, za kula vizuri, za kusali kabla ya kulala, sitaziandika. Umelelewa. Naandika jambo moja tu. Memsabu, mzungu wangu ninayempikia, amesema anarudi kwao ng'ambo, mji wa Basel, na anakuchukua ukasomee uuguzi. Kesho asubuhi unapanda gari lake, mshuke stesheni Arusha, halafu reli, halafu meli. Na mimi mama yako mpaka saa hii sijui kama unakwenda kusoma kweli, au unakwenda kufanya kazi hii ninayoifanya mimi, isipokuwa utaifanya kwenye baridi. Hilo ndilo linaloniandikisha.

Kwa hiyo nakupa mji wote ninavyoujua. Yeye alinipa kidogo kidogo kama peremende, miaka yote niliyompikia katika nyumba ya shamba. Mimi nakupa kwa mara moja, uingie ukiujua. Mtu anayeingia mahali anapopajua si rahisi kumweka popote tu.

Ilianza hivi. Wewe ulikuwa bado unatambaa, ninakufunga kwa kanga kwenye mguu wa meza ya jikoni usifike kwenye moto. Jumamosi ndiyo siku ya mkate wao wa kusuka, ule unaosukwa kama nywele za msichana, wa kuliwa Jumapili asubuhi. Nilikuwa nimemwaga unga mezani. Memsabu akaingia, macho mekundu, nikajua amelia, na nikajifanya sikuona. Akasimama karibu nami, akausawazisha unga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole.

"Mama Anaeli, wewe tazama. Hii mto."

Mto wao unaitwa Rhein. Unatoka upande wa mawio ya jua, unashuka kutoka milima yenye theluji isiyoisha, na ukifika mjini unakunja ghafla kama kiwiko, ukaelekea kaskazini mpaka baharini. Nilimuuliza kama ni mkubwa kuliko mto wetu Nduruma. Akacheka huku machozi hayajakauka. Akasema Nduruma na Usa na Themi na kila kijito kinachotoka Meru ukivitia vyote humo, mto hautajua kama umepewa kitu.

Mahali pale mto unapokunja ndipo mji ulipo. Upande wa nje wa kiwiko, maji yamekula ardhi, yakaacha ukingo mrefu, kilima. Alichukua donge la unga uliokandwa akaliweka pale, akachomeka vijiti viwili vya kiberiti. Hiyo ndiyo minara ya kanisa lao kuu, lililojengwa kwa mawe mekundu kama udongo wetu baada ya mvua. Huo ndio mji mkubwa, Basel Kubwa. Upande wa ndani wa kiwiko ni tambarare, na huko ni Basel Ndogo. Katikati akalaza kijiko, ndilo daraja. Halafu akasogeza bakuli la mayai karibu: "Hii Ufaransa." Akasogeza kopo la chumvi: "Hii Ujerumani." Mji wenyewe umekaa kwenye pembe, mtu anaweza kunywa chai kwao, akatembea, akanunua vitunguu nchi ya pili. Wakati wa vita alikuwa msichana, na walisikia mizinga ya wenzao dirishani, lakini wao hawakupigana. Akanionyesha kwa kidole hata dirisha lenyewe. Kwenye unga, Anaeli! Alilitoboa kwa ukucha. "Hapa mimi zaliwa." Juu kilimani, karibu na vile vijiti vya kiberiti.

Basi tangu siku hiyo kila Jumamosi niliongezewa kitu. Wewe ulikua chini ya mji huo, ukidondokewa na unga.

Alinisimulia kwamba zamani mji ulikuwa wa askofu. Alikuwa na nchi kama chifu, na watoza kodi. Ni askofu aliyejenga daraja la kwanza, wakati mto huo ulikuwa hauna daraja lingine la kusifika kwa mbali sana, na kila mwenye punda na mzigo ikabidi apite hapo. Hivyo wakatajirika. Katikati ya daraja waliweka kibanda kidogo cha kusalia, na kipo hata leo. Alinionyesha kwenye picha iliyotundikwa sebuleni, ile niliyokuwa naifuta vumbi. Mimi nikasema, "Watu wazuri hawa, wanasali hata juu ya maji." Memsabu akaniambia kwamba pale pale ndipo walipowafunga kamba waliohukumiwa, wakiwemo wanawake, wakawatupa mtoni. Jumamosi hiyo mkate haukuumuka vizuri.

Na Basel Ndogo? Iliuzwa. Askofu aliyekuwa nayo alikuwa na shida, wenye mji mkubwa wakainunua. Niliuliza, "Memsabu, wale waliokaa huko waliulizwa?"

"Hii zamani sana, Mama Anaeli."

Neno lake hilo ulijue. Akisema zamani sana, maana yake mlango umefungwa. Mambo yaliyo ya zamani zaidi, yale yanayompendeza, hayaiti zamani hata kidogo. Anayasema kama ya jana.

Kwa mfano tetemeko. Wakati wa mababu wa mababu zao ardhi ilitikisika, minara ikaanguka, halafu moto wa majikoni ukatoka ukala kilichobaki. Mji mzima ukawa majivu. Ukisimuliwa habari hiyo na Memsabu utadhani alikuwepo akikimbia na mtoto mgongoni. Wakalala nje kwenye mabustani, na baadaye wakarudi wakajenga palepale, kila mtu kwenye kiwanja chake. Nilikuwa nasuka mkate. Nikajiuliza, hakutokea mtu akapita kwenye majivu yale akasema hapa hapana mwenyewe, akapiga vigingi?

Unajua ninachokisema, ingawa sijawahi kukueleza kwa mpangilio. Wajerumani walipopiga vita huku, babu zangu walipanda msituni na ng'ombe wao wachache. Waliposhuka walikuta kihamba chao, shamba la ukoo lenye migomba na zizi na makaburi, kimeandikwa ni pori lisilo na mtu. Masale yamesimama mpakani, yale majani yetu marefu ambayo mtoto yeyote wa Kimeru akiyaona anajua hapa ni kwa mtu. Wazungu waliona majani. Wajerumani wakaondoka, wakaja Waingereza, tukasema sasa labda. Waingereza waliwauzia wengine. Kihamba cha babu yangu ndipo zilipo meza za kuanikia kahawa za Bwana, mumewe Memsabu. Nimeanika kahawa pale nikiwa msichana, nikijua jiwe alilokuwa akikalia bibi yangu liko wapi.

Usinichoke, narudi mjini.

Kulikuwa na lango mwisho wa daraja, upande wa mji mkubwa. Walitundika kichwa cha mfalme chenye taji, na ndani yake wakaweka mashine ya saa. Kila mara kichwa kinatoa ulimi nje, kinauangalia mji mdogo ng'ambo na kuutolea ulimi. Memsabu alinionyesha, akatoa ulimi wake mwenyewe na kuurudisha, tukacheka wote wawili mpaka Bwana akachungulia. Na wa mji mdogo wanalipiza. Siku moja ya Januari, wakati wa baridi kali, wanateremsha mtu wa porini kwenye chelezo mtoni, amevaa majani, ameshika mti mzima, anacheza ngoma njia nzima. Anacheza akiwa ameupa mji mkubwa mgongo. Mgongo na makalio. Hageuki hata mara moja.

Huyo mtu wa porini ukimwona, mama yako anamsalimu.

Saa zao pia ni kisa. Zamani mji huo uliishi saa moja mbele ya majirani wote. Wanasema maadui walipanga kuingia saa ikigonga, mlinzi akapata habari akaisogeza saa, adui wakachanganyikiwa. Wakaiacha hivyo mamia ya miaka, wakijivunia. Ni watu wa kuwahi, basi. Ukichelewa hawatakugombeza, watakunyamazia, na huko kunyamaza ndiko kunakouma.

Askofu walimwondoa. Mafundisho mapya yalipofika, haya haya ya kanisa letu au ndugu zake, watu waliingia kanisa kuu wakavunja sanamu wakachoma moto. Waliofukuzwa nchi nyingine kwa ajili ya imani walikuja pale na ufundi wa kufuma tepe za hariri. Karatasi zilitengenezwa pale kwa maji ya kijito, vitabu vikapigwa chapa, watu wenye akili wakatoka mbali kuja kuchapisha. Tepe zikataka rangi, wakajifunza kupika rangi. Kwenye kupika rangi wakagundua dawa. Leo viwanda vyao vya dawa viko ukingoni mwa mto.

Wewe unaishi kwa dawa hiyo. Ulipokuwa na homa ile, umekakamaa kama ubao, shangazi yako amekwisha kuanza kulia kilio cha msiba, Memsabu alikuja mwenyewe hadi hapa na taa, akakaa kwenye kinu hiki, akakunywesha kwa kijiko mpaka kukapambazuka. Sijasahau. Yeye naye hajasahau. Na kwa sababu hiyo, kila aliponiomba kitu baadaye, sikuweza kusema hapana, wala yeye hakungoja niseme ndiyo.

Angekuwa mtu mbaya, Anaeli, ingekuwa rahisi. Ningekukataza tu.

Kisa cha mwisho cha mji huo alinisimulia shingo upande, kwa sababu mimi nilikiuliza. Kwenye ukuta kuna ramani ndogo, na Basel imegawanyika vipande viwili vyenye rangi mbili. Nikauliza kwa nini. Akasema, kipande kidogo ni mji, kikubwa ni vijiji. Mji ulivitawala vijiji hivyo muda mrefu. Wanavijiji walilima, walilipa, lakini kwenye baraza la mji sauti yao ilikuwa haihesabiwi sawasawa. Wakadai iwe sawa. Mji ukakataa. Basi wakakasirika. Mji ukatuma askari wake wenye sare nzuri waende kuwatia adabu, na wanavijiji wakawapiga kwenye vichaka, wakarudi mbio. Ikawa mwisho. Wakatengana, wakagawana mali yote, hata vyombo vya dhahabu vya kanisa.

Mikono yangu ilisimama kwenye unga. Nikamwuliza, "Hao wanavijiji, Memsabu, walibaki na mashamba yao?"

"Ndiyo. Bila shaka. Shamba yao."

"Na nyie hamkuwachukia?"

"Babu yangu kasirika sana. Mpaka kufa." Akainua mabega. "Lakini... shamba yao."

Nikamtazama. Nilidhani ameona. Dirisha lilikuwa wazi, na nje kulikuwa na meza za kahawa, na kati ya mistari ya mibuni masale yamechipua tena kama yanavyochipua kila mvua, hata vibarua wayakate mara ngapi. Nilidhani mtu aliyesema neno hilo kwa mdomo wake, huku dirisha hilo likiwa mbele yake, ameona. Akasema, "Mama Anaeli, oveni iko moto sana."

Kosa langu kubwa lilizaliwa hapo, na hilo nataka ulisome taratibu.

Mwaka huohuo babu yako, baba yangu, alikuwa anakufa. Aliomba kitu kimoja, azikwe kihambani alikozaliwa, pale kwenye meza za kahawa, karibu na baba yake. Ndugu zangu wakasema haiwezekani. Mimi nikajibu, "Niachieni. Huyu mama namjua, anajua maana ya ardhi, amenisimulia ya kwao." Nilijivuna, Anaeli. Nilikuwa mtu anayejua mji wa mzungu mpaka dirisha alilozaliwa.

Nikafanya tulivyofundishwa. Nilikwenda kukata jani la masale, palepale kati ya kahawa, nikaoga, nikavaa nguo ya kanisani, nikapita mlango wa mbele, si wa jikoni, nikampa Memsabu kwa mikono miwili. Kwetu mtu akikuletea jani hilo amekuja na ombi au na msamaha, na ukilipokea umepokea ombi. Hata aliyemwua ndugu yako, akikuletea jani hilo, unajishika. Niliinama nikasema habari za baba yangu, kwa sauti ya chini, nusu nzima kwa Kimeru kwa sababu Kiswahili kilinikimbia.

Alilipokea! Kwa mikono miwili, kama mimi. Akasema, "Oo, nzuri sana! Asante, asante!"

Nilirudi nyumbani mbio. Baba alikuwa bado ana pumzi, nikamwambia sikioni, "Wamekubali." Alifunga macho akiwa ametulia, akafa jioni hiyo. Asubuhi ndugu zangu wakaingia shambani na majembe kuchimba. Walifika magotini. Mnyapara akaja na mbwa na vibarua, akawaita wezi, wakaburutwa kwa Bwana. Mimi nikakimbilia nyumba ya shamba nikamweleze Memsabu awaambie. Nikaingia sebuleni. Jani langu lilikuwa kwenye chombo cha maua, limetiwa maji, juu ya meza, pamoja na maua ya waridi, chini ya picha ya daraja.

"Mama Anaeli," akaniambia, "kwa nini watu yako chimba shamba? Bwana kasirika sana."

Babu yako tukamzika kwenye makaburi ya kanisa, pembezoni, karibu na barabara. Amekufa akidhani yuko kwao. Uongo ule nilimpa mimi, nikidhani ni kweli, na ndugu zangu hawajanisamehe sawasawa hata leo. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani wajomba hawaji kwetu kwa sababu ya njia mbaya.

Nililia kwa sababu ya Memsabu, kisha nililia kwa sababu yangu. Yeye hakunidanganya. Mimi ndiye niliyedhani kwa kuwa nimejifunza alama zake zote, daraja, minara, ulimi wa mfalme, basi na yeye amejifunza hata moja ya kwangu. Jumamosi zote zile hakuwahi kuuliza kijito kinachopita nyuma ya jiko lake kinaitwaje. Wala mimi sikumwambia. Nilikuwa nasubiri aulize.

Sasa turudi kwako.

Ulipomaliza darasa la nane, alikuja jikoni, wala haikuwa Jumamosi. "Mimi tachukua Anaeli. Basel iko hospitali kubwa, iko shule ya nesi." Nikasema, "Ndiyo, Memsabu." Neno hilo limekuwa linatoka lenyewe kama kupiga chafya. Baadaye nikarudi nikamwuliza, shule hiyo inaitwaje? Akasema, "Tutaona." Nikauliza tena siku nyingine, ataanza lini? "Kwanza Anaeli jifunza lugha. Tutaona."

Huenda ni hivyo tu. Lugha lazima ijifunzwe, sikatai.

Lakini wiki iliyopita alinipa kitambaa cheupe, akaniambia nishone aproni, kwa kipimo chako. Nimeshona, maana nilikuwa sijui la kufanya na mikono. Nikauliza, "Ni za shuleni, Memsabu?" Akasema hapana, ni za nyumbani. Mama yake amekuwa mzee sana, yuko peke yake katika ile nyumba ya kilimani, na ngazi ni nyingi. "Anaeli mtoto mzuri. Tasaidia yeye kidogo."

Najua utakavyosema. Utasema, mama, hata manesi huvaa aproni, na kumsaidia mzee ni uuguzi pia, na wewe unaona mabaya kila mahali tangu babu alipokufa. Labda. Sijui, ndiyo maana nimekaa hapa na kinu. Najua tu kwamba hospitali alinichorea, iko upande huohuo wa mji mkubwa, si mbali na nyumba yao. Mtu anaweza kuzeeka akifuta ngazi huku anaiona hospitali dirishani. Mimi nimezeeka nikiona dirishani mahali alipotaka kulala baba yangu.

Kuna kitu kimoja cha mji huo ambacho nilikitamani bila uchungu wowote. Wana kivuko cha mbao, mashua ndogo yenye paa, haina injini wala kasia. Wameifunga kwenye waya uliopita juu ya mto, na mwenye mashua anageuza tu usukani, maji yenyewe yanayoshuka yanaisukuma ng'ambo. Memsabu alinionyesha kwa kijiti na uzi, akiupuliza unga. Nilimwambia, hiyo ningeipanda. Akanijibu, "Wewe siku moja kuja." Alisema kwa moyo kabisa, unamjua. Na nilijua hapohapo kwamba hatakumbuka jioni. Ukiipanda, kaa mbele, unieleze kama maji yanapiga kelele.

Sikukatazi kwenda. Uso wako tangu siku uliyoambiwa umekuwa kama taa iliyofutwa kioo, na kukutoa furaha hiyo siwezi, sina kitu kingine cha kukupa mahali pake. Hapa ukibaki ni kuchuma kahawa, au kuolewa ukachume kahawa ya mwenzio. Soma, Anaeli. Urudi na sindano na dawa na cheti chenye jina la babu yako, uwatibu watu wa hapa. Lakini ukasome. Usiende kuwa mimi, kwenye nyumba yenye ngazi, unasimuliwa mambo mazuri na mtu anayekupenda.

Kwa hiyo nitakwambia nitakalofanya kesho, usije ukashtuka.

Gari litakuja hapa njiani kukuchukua. Mchungaji atakuwepo aombe, wanakwaya watakuwepo, dereva, mnyapara, wajomba zako nimewatumia habari na wameniambia watakuja. Memsabu atashuka anishike mkono, kama kawaida yake, na atalia. Safari hii sitainama, sitashika jani, sitasema kwa Kimeru. Nitamwuliza kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Memsabu, Anaeli anakwenda shule gani, na ataanza mwezi gani?" Sijawahi kumwuliza kitu mbele ya watu. Utaona haya. Wenzako watakutazama. Mnyapara atacheka. Vumilia haya hiyo kidogo, ni fupi kuliko nyingine ninazozijua.

Wewe usiniangalie mimi. Mwangalie yeye mdomoni.

Akitaja shule, na akautaja mwezi, watu wote watakuwa wamesikia, wajomba zako na mchungaji, na siku akijisahau huko mbali kuna wengi huku watakaokuwa wanakumbuka, na wewe mwenyewe utaweza kumwambia: ulisema mbele ya nyumba yetu. Hapo panda, na Mungu akutangulie, nami nitapunga mkono mpaka vumbi litue.

Lakini akicheka kwa upole, akanipiga bega, akasema tutaona, Anaeli, shuka. Hata kama umeshakaa, hata kama mlango umefungwa na sanduku limekazwa kamba juu ya gari. Shuka uje usimame na mimi. Sanduku nitalidai mwenyewe.

Naisikia kwaya inarudi njiani, mnaimba. Nitakupa barua hii mkononi. Isome leo, isije ikasubiri meli.

Mimi mama yako